Sahihisho la Ukurasa wa Nne

Ujumbe wa kwanza uliingia asubuhi ya Pasaka, mwaka 2015, nikiwa bado kitandani. Namba siijui. Maneno yalikuwa machache tu: ananitakia Pasaka njema, na kwamba yeye na nyumba yake wananiombea mimi na kazi yangu. Chini akaandika jina lake kamili, majina yote matatu, kama mtu anayesaini fomu ya benki. Nilipolisoma lile jina nikaketi.

Lilikuwa jina la mtu niliyemharibia.

Nitaeleza kwa ufupi, maana si jambo ninalopenda kulieleza. Mwaka 2014 nilikuwa na miaka 25, nimetoka chuo kikuu juzijuzi, naripoti habari za mahakamani kwa gazeti moja la kila siku. Siku hiyo kulikuwa na kesi ya mtu aliyeshtakiwa kuiba fedha za chama cha akiba na mikopo. Mashtaka niliyanakili sawasawa, jina nililiandika sawasawa. Kilichokosekana ni picha. Mpigapicha wetu alichelewa, mshtakiwa akawa ameshapakiwa kwenye karandinga, na mhariri wa zamu anapiga simu kila baada ya dakika tano. Nikaingia kwenye hifadhi yetu ya picha, nikaandika majina mawili ya kwanza, ikaja sura ya mzee mmoja mwenye kofia ya pama, ameshika kipaza sauti kwenye mkutano wa wakulima wa kahawa huko Kilimanjaro. Umri unalingana. Mkoa unalingana. Nikabonyeza.

Jina la tatu sikuliangalia. Ingekuwa kazi ya sekunde tatu.

Siku tatu baadaye tukatoa sahihisho: ukurasa wa nne, mistari mitano, chini ya tangazo la viwanja vinavyouzwa. Lilimalizikia kwa ile sentensi ambayo kila msomaji wa magazeti ya Kiswahili anaijua hata akiwa usingizini, kwamba tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza. Ndugu msomaji, itazame vizuri sentensi hiyo siku moja. Usumbufu umejitokeza. Wenyewe. Kama uyoga baada ya mvua. Hakuna aliyeuleta, hakuna mwenye jina, hakuna kidole kilichobonyeza. Sarufi yote ya Kiswahili imeitwa pale kumficha mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi. Mhariri aliniambia yamekwisha, nami nikakubali kwamba yamekwisha.

Sasa huyu mzee ananiombea?

Nilimwonyesha mwenzangu pale ofisini. Akacheka. “Huyo anakutega,” akasema. “Ukijibu tu umekiri, anapeleka kwa mwanasheria.” Ilinikaa akilini kwa sababu niliitaka inikae. Mtu ambaye ana kesi na wewe unajua la kumfanya: unamkwepa. Mtu anayekuombea unamfanyaje? Sikujibu.

Pasaka ya 2016 ujumbe ukaja tena. Na 2017. Mwaka mmoja aliongeza kwamba amesoma habari yangu ya mafuriko na ameipenda, hasa pale nilipomweleza yule mama aliyeokoa cherehani yake. Kumbe bado ananunua lile gazeti! Nadhani hiyo ndiyo iliyonichoma kuliko zote. Mimi mwenyewe, baada ya kosa kama lile, nisingelinunua hata kufungia maandazi.

Nimelelewa Mlutheri. Mafundisho ya kipaimara niliyapita nikiwa na miaka 14, na Katekisimu Ndogo ya Martin Luther niliijua kwa kichwa, swali na jibu, kwa sababu mwinjilisti wetu alikuwa na fimbo na hakuwa na haya ya kuitumia. (Kumfundisha mtoto neema kwa fimbo! Tulikuwa hatuoni kichekesho chake.) Najua kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani, si kwa matendo. Najua pia kwamba ugomvi juu ya maneno hayo uliwatenga Walutheri na Wakatoliki kwa karibu miaka 500, mpaka tarehe 31 Oktoba 1999 walipokutana mjini Augsburg, Ujerumani, wakatia saini tamko la pamoja kwamba juu ya kiini cha jambo hili wanakubaliana: kwa neema peke yake. Hayo yote nayajua, na kwenye mtihani ningepata mia. Niliyajua kama ninavyoujua mji mkuu wa Mongolia. Jibu ni sahihi, ila sijawahi kufika.

Na lugha yenyewe haisaidii. Neno neema lilitufikia kutoka Kiarabu likiwa limebeba maana ya utajiri na shibe. Mwaka wa neema ni mwaka wa mavuno. Nchi ya neema ni ile yenye mvua. Mtoto wa kike akizaliwa wakati mambo yamenyooka anaitwa Neema. Watafsiri wa Biblia walilichukua hilohilo wakalitwika mzigo mwingine: kupewa usichostahili. Halafu tukaongeza kwamba neema ni ya bure, na neno bure nalo lina sura mbili. Dawa za bure ni zile zisizolipiwa. Kazi bure ni ile iliyopotea. Mtu akikuita “bure kabisa” hakusifii. Kwa hiyo unapomwambia Mswahili kwamba Mungu anampenda bure, sikio lake linapokea zawadi na hasara kwa pamoja. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kijerumani aliyeuawa na utawala wa Hitler mwezi Aprili 1945, aliliogopa jambo hilihili kwa upande mwingine. Katika kitabu chake cha mwaka 1937 aliwaonya Wakristo juu ya neema ya bei rahisi, ile inayosamehe dhambi huku ikimwacha mwenye dhambi anaendelea na shughuli zake. Nilimsoma chuoni, nikapiga mistari kwa kalamu ya njano. Nikaendelea na shughuli zangu.

Kilichonitoa si kitabu. Mwishoni mwa 2021 nilikuwa nimeshapanda, nahariri kurasa. Kijana mmoja, mgeni kazini, akakosea jina la marehemu kwenye habari ya ajali. Nilimsimamisha katikati ya chumba cha habari nikamwambia mambo ambayo sitayaandika hapa. Nilimwuliza kama anajua uzito wa jina la mtu. Mimi! Kijana akalia, mbele ya watu. Usiku ule nilikumbuka mfano wa yule mtumwa katika Mathayo 18 aliyesamehewa talanta elfu kumi, kisha akatoka nje akamkaba koo mwenzake anayemdai dinari mia. Nilikuwa nimeusikia tangu Shule ya Jumapili, na siku zote nilidhani yule mtumwa ni mtu mwingine.

Nikaitafuta ile namba. Nikapiga.

“Nani mwenzangu?”

“Shikamoo mzee. Ni mimi, mwandishi.”

Kimya kirefu, nasikia kuku nyuma yake.

“Marahaba. Umechelewa,” akasema. “Ndizi tulizokuwekea zimeiva zikaoza mara saba.”

Nilihesabu baadaye. Pasaka saba.

Nilikwenda Februari 2022. Ndani ya basi niliandika hotuba kwenye daftari, nikaifuta, nikaiandika upya mara tatu kati ya Chalinze na Same. Nilikuwa pia na bahasha yenye shilingi laki tano, ambazo kwa mshahara wangu si mchezo. Nililala Moshi mjini, asubuhi nikapanda daladala, kisha bodaboda kuelekea juu, barabara ikizidi kuwa nyembamba, migomba pande zote mbili, kahawa chini yake, mfereji wa maji unakatiza hapa na pale. Manyunyu yalikuwa yakidondoka. Mzee alikuwa amesimama barabarani, na kofia ileile. Sikuwa nimemwambia nitafika saa ngapi. Dereva wa bodaboda aliniambia kwamba alipokuwa akiteremka saa mbili asubuhi alimpita pale pale.

Saa hiyo ilikuwa saa tano kasoro.

Nikaanza hotuba yangu. Nilifika sentensi ya pili. Akanishika mkono, akaugeuza kiganja juu kama mtu anayetafuta mwiba, akasema, “Njoo ndani, unalowa.” Basi. Hotuba iliishia hapo.

Ninyi mnaopenda hadithi, irudieni Luka 15 muone jambo ambalo mimi sikuwahi kuliona mpaka siku ile. Mwana mpotevu naye alikuwa na hotuba. Aliitunga kule kwa nguruwe, na msimulizi anatusomesha yote: nimekosa, sistahili, nifanye kibarua wako. Anapofika nyumbani anaianza, lakini sehemu ya kibarua haisemwi. Baba ameshaanza kuita watumishi walete vazi. Ni ufundi mdogo wa usimulizi, ila kila kitu kimo humo, kwa sababu sehemu iliyokatwa ndiyo ile ambayo kijana alitaka kulipa.

Nami nilikuwa na bahasha yangu. Niliiweka mezani tulipoketi. Mzee akaitazama.

“Hii ni ya nini?”

“Ni ya ule usumbufu, mzee.”

Lilinitoka hivyohivyo, neno la ukurasa wa nne. Akafikiri kidogo. “Usumbufu ulikuwa laki tano?” Hakusema kwa hasira, aliuliza kama mtu anayetaka kujua bei ya mbolea. Kisha akairudisha upande wangu kwa kidole kimoja. “Mimi sijakuuzia kitu.”

Hapo akatia mkono mfuko wa shati akatoa kitu kama kitambulisho. Lilikuwa lile sahihisho. Mistari mitano, ameikata kwa mkasi na kuitia nailoni ngumu, kingo zimeanza kupauka. Kwa miaka saba alikuwa akitembea nalo. Alipokwenda kuuza kahawa alilionyesha. Alipoalikwa harusini alilionyesha. Chama chao cha msingi kilikuwa kimemvua uweka hazina. Kanisani waliomba “apumzike” kidogo uzee wa kanisa mpaka mambo yatulie, na yalichukua miezi sita kutulia hata baada ya sahihisho, kwa sababu, aliniambia, watu walioona picha ni wengi na wanaosoma ukurasa wa nne ni wachache. Nililishika lile karatasi. Usumbufu uliojitokeza. Niliandika mwenyewe sentensi ile, dakika mbili kabla ya kwenda kula chipsi.

Nikamwuliza kwa nini alinitumia ujumbe. Nilitarajia aniambie habari za Msalaba, naye alianzia kwingine.

“Nilikuwa nakuua,” akasema. “Usiku. Kila usiku nakuua kwa namna tofauti. Mke wangu alikuwa anasikia natukana usingizini. Sasa Pasaka ile nikaenda mbele kupokea, nikanyoosha mkono, nikaona umefumba. Nimekunja ngumi, na mchungaji ameshika mkate, ananisubiri. Foleni ipo nyuma. Nikafungua, nikapokea. Nikarudi kwenye benchi nafikiri, mimi nimepokea, na siku nilipokuwa kijana nilifanya mambo ambayo gazeti lenu halikuyaandika kwa sababu hayakujulikana. Hayo ya kweli hayakuandikwa. Lile la uongo ndilo likaandikwa.” Akacheka mpaka akakohoa. “Halafu nikaona picha yako. Ile ndogo, juu ya makala. Nikamwambia mama, kumbe ni katoto!”

Ninaiandika picha hiyo ndogo hapa kwa sababu ndiyo sehemu inayonishinda mpaka leo. Picha ilimwangusha, na picha ndiyo iliyomfanya anihurumie. Na alinihurumia kabla sijasema neno. Hakungoja nijute. Nilipokuwa bado nakwepa simu zenye namba za Kilimanjaro, mambo yalikuwa yameshakwisha upande wake. Mtume Paulo ana hoja kama hiyo kwa Warumi, kwamba kupendwa kulitangulia, wakati wapendwao bado wako kwenye kosa lao. Nilikuwa nikiisoma kama hoja. Sasa nilikuwa nakunywa chai yake.

Mama alileta mtori. Aliniamkua vizuri, akaniandalia vizuri, hakuketi. Baada ya kula alinifuata nje kuninawisha, akashika birika, mimi nimeinama. Maji yakamiminika muda mrefu kuliko inavyohitajika.

“Baba amekusamehe,” akasema taratibu. “Huo moyo ni wake. Mimi picha ile ilinikuta binti yangu amebakiza wiki mbili waje kutoa mahari. Wakaomba muda. Hawakurudi. Alikaa humu ndani mwaka mzima, hatoki hata kanisani. Nakunawisha kwa sababu wewe ni mgeni.”

Nikasema, “Pole sana mama. Nisamehe.” Akasema, “Nimesikia.” Akamwaga maji yaliyobaki kwenye shina la mgomba, akaingia ndani.

Juu ya binti sikujua kitu. Hata kwenye hotuba zangu tatu za ndani ya basi hakuwemo.

Nimefikiri juu ya mama yule kuliko nilivyofikiri juu ya mzee. Makanisani tunamsema sana kaka mkubwa wa kwenye Luka 15, yule aliyegoma kuingia kwenye karamu. Tunamwita mwenye wivu, mwenye kujihesabia haki. Lakini hesabu yake ni sahihi! Yeye ndiye aliyebaki shambani. Ng'ombe aliyenona alitoka kwenye zizi ambalo yeye analihudumia. Baba aligawa mali, sehemu iliyobaki ni ya huyo mkubwa, na sherehe inafanyika humo humo. Neema ya baba ilikuwa bure kwa mdogo, ila kuna mtu aliona imelipiwa kutoka mfukoni mwake. Na Yesu, msimulizi hodari kuliko wengi wetu, haambii mtu kama kaka aliingia au hakuingia. Baba yuko nje anamsihi, ngoma zinasikika, hadithi imekwisha.

Kuna John Newton pia, mwandishi wa ule wimbo wa neema ya ajabu unaoimbwa dunia nzima. Wengi husimulia kwamba alikuwa mfanyabiashara ya watumwa, dhoruba ikampiga baharini mwaka 1748, akamlilia Mungu, akaacha. Hakuacha. Baada ya dhoruba alirudi kwenye biashara ileile, akawa nahodha wa meli za watumwa mpaka 1754, akisali na kusoma Biblia juu, watu wamefungwa minyororo chini. Alipochapisha kijitabu cha kuukana utumwa ilikuwa 1788. Kama Mungu alimpenda mtu yule katika miaka ile ya katikati, na imani yangu inasema alimpenda, basi mapenzi hayo yanatisha. Na ninajiuliza aliyekuwa chini ya sitaha angesema nini akiambiwa kwamba nahodha amesamehewa. Sidhani nina haki ya kumjibia.

Shaaban Robert aliligusa jambo hili kwa namna yake katika Adili na Nduguze, kilichotoka 1952, mwaka uleule tulioipata Biblia nzima ya tafsiri ya Union. Adili ana ndugu wawili waliomtendea ubaya, wamegeuzwa manyani, naye analazimika kuwachapa kila usiku. Anawachapa, halafu anawabembeleza. Nilipokuwa shule nilidhani hadithi inahusu adhabu ya wivu. Siku hizi namwona Adili peke yake usiku, kiboko mkononi, analia, hawezi kuacha haki na hawezi kuacha upendo, mpaka mwingine aje kumwombea ruhusa ya kukiweka kiboko chini. Mama wa kule Kilimanjaro hajapata wa kumwambia akiweke. Na si mimi wa kumwambia.

Niliondoka alasiri na mkungu wa ndizi ambao sikuweza kuukataa. Ulinigharimu nauli ya ziada mpaka Dar es Salaam. Bahasha nilirudi nayo. Nilikaa nayo kwenye droo miezi mingi, siwezi kuitumia wala kuitoa sadaka, kwa sababu hata kuitoa sadaka ilikuwa namna ya kulipa kwa mlango wa nyuma. Mwisho mtoto aliumwa malaria ikaenda hospitali, kama fedha nyingine yoyote.

Yule kijana wa kazini nilimwomba radhi, mbele ya watu walewale. Bado hanizoei sana.

Pasaka iliyopita ujumbe ulikuja mapema, kabla ya ibada. Salamu zilezile, majina matatu. Ila chini kulikuwa na nyongeza ambayo haijawahi kuwepo: “Mama naye anakusalimu.” Nilisoma mara nyingi. Nikashindwa kuvumilia, nikapiga.

“Mzee, shikamoo. Nimeona mama amenisalimu. Mwambie nimefurahi sana.”

Kimya. Kisha akashusha sauti, nadhani alikuwa anatoka nje.

“Hajasema,” akaniambia. “Hiyo nimeiongeza mwenyewe.”

“Mzee! Sisi gazetini tukimnukuu mtu asichosema, tunatoa sahihisho.”

Akacheka kile kicheko chake cha kukohoa.

“Ngoja kwanza usitoe,” akasema. “Huenda akasema.”